Kabla ya Mkate Mpya

...na mwiko usisimame, maana jamu ya plamu haina huruma, ukigeuza shingo tu kumwangalia anayepita na baiskeli tayari imeshika chini, na ikishika chini jungu zima linanuka moshi, kazi ya siku mbili unawamwagia nguruwe, kwa hiyo nakoroga, mizunguko miwili ukingoni na mmoja wa kukata katikati, kama mama alivyonifundisha, na Irén amekaa pale kwenye kigoda anatoa kokwa za ndoo ya mwisho, anaongea, anaongea tangu alfajiri, na kengele ya saa sita imekwisha kulia, na sijamwambia. "Lidi, unakoroga au unabembeleza mtoto?" Nakoroga, nasema. "Koroga basi kama mtu aliyekula. Marehemu Barna alikuwa akisema mke wangu ana mikono ya kukamua ng'ombe, iko wapi hiyo mikono, au alizikwa nayo?" Nacheka, meno tu ndiyo yanayocheka, kwa sababu kesho ni Jumapili ya mkate mpya, mkate wa ngano ya mwaka huu utakuwa juu ya meza ya Bwana, na kabla hatujaumega Irén atasimama mbele ya meza ile na nguo nyeusi, mbele ya kanisa zima, yaani sisi watu arobaini tuliobaki, aombe msamaha kwa sauti, kama walivyosimamishwa watu wa zamani, binti aliyepata mimba, mlevi aliyempiga baba yake, jambo ambalo hata bibi yangu aliliona mara moja tu maishani, na mchungaji Noémi, mtoto mzuri yule, hajafika hata miaka thelathini na tano, alimbembeleza, mama Irén, desturi hii ilikwisha kufa, mwambie Mungu chumbani kwako, inatosha, na Irén akamjibu, binti yangu, Mungu anajua tangu mwaka sabini, wasiojua ni hawa. Atawaambia kwamba ni yeye aliyemuua Ambrus. Ambrus kaka yangu, mchumba wake. Na si yeye. Ni mimi, na chini ya jua hili hakuna ajuaye ila mimi na Bwana, na Bwana amenyamaza miaka hamsini na tatu ananisubiri, na mimi nakoroga jamu... "Nikusomee tena?" Umenisomea mara tatu, Irén. "Ya nne haitakuua." Anajifuta vidole kwenye aproni, anatoa karatasi kifuani, karatasi ya daftari la mjukuu wake, anavaa ile miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na anasoma kama anavyosoma matangazo ya dukani, kwa sauti ya kumkaripia mtu, "Mimi, Irén, mjane wa Lajos, siku ya maji makubwa nilimwambia Ambrus langoni kwetu, ukishuka kwenye tuta kabla ya wanaume wengine usinifuate tena, siolewi na mwoga mimi," anatua, ananitazama juu ya miwani, "hapo ni nukta au mkato?" Weka unachotaka. "Wewe ndiye uliyefika darasa la nane." Sote tulifika la nane, Irén. "Mimi nilifika, lakini sikuingia," anasema, anacheka mwenyewe mpaka kigoda kinalia, kisha kicheko kinamwishia ghafla, kama anavyokatikiwa na kila kitu siku hizi, anaikunja karatasi na kuirudisha kifuani, na anachukua plamu nyingine, anaipasua kwa kidole gumba.

Ni kweli alimwambia maneno hayo. Nilikuwapo, nimeegemea lango, nina miaka kumi na minane na sijui lolote la duniani isipokuwa kwamba vuli ile naolewa. Lakini kuna ambalo Irén halijui, kwamba tulipoondoka pale, njiani, Ambrus alikuwa anacheka, gunia tupu limekaa begani, aliniambia huyo mwanamke ana ulimi wa wembe na moyo wa siagi, Lidi, nikipona leo atanitawala miaka hamsini nami nitakuwa nimemwomba mwenyewe... miaka hamsini, alisema, kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokwisha kukinunua. Hayo sijamwambia mtu, kwa sababu ukivuta uzi huo unakuja na wa pili, na wa pili ndio ule. Maji yalikuwa yamevuja chini ya tuta la kuuzuia mto, bustani zote za plamu zimejaa mpaka kiunoni, plamu zikiwa na vitunda vidogo vya mwezi wa tano, vya kijani, vinagusa maji, na wanaume wako juu ya tuta na magunia ya mchanga tangu siku tatu, na Ambrus akanishika bega, Lidi, mpeleke mama kilimani kanisani kwa mashua, halafu njoo unichukue pale kwenye mti wa mwerebi mkubwa, kona ya mto, hili tuta halifiki jioni, wenzangu wote wanajua kuogelea, mimi unanijua. Ndiyo, nilimjua. Mtoto wa mto Tisza asiyejua kuogelea, walimtania kijiji kizima, walimwita paka. Nikampeleka mama. Mama amekumbatia kuku na Biblia, analia. Nikamweka kanisani, nikageuza mashua. Mpaka hapo sina hatia, Bwana unajua, mpaka hapo nilikuwa mtoto mwema... lakini njia ya kwenda kwenye mwerebi inapita nyumbani kwetu, na dirisha lilikuwa wazi, na kasha langu la harusi lilikuwa pale, chini ya dirisha, na maji yamefika vidole viwili chini ya kitasa. Mito sita ya manyoya ya bata bukini. Mashuka manane, nyuzi nyekundu pembeni, mimi na mama tulishona majira saba ya baridi, na mama yake Barna alikuwa amekwisha kusema dukani kwamba mwanawe anaoa mikono mitupu. Nikasema dakika tano. "Lidi!" Nini? "Kuni hizo, moto unakufa." Nasukuma kuni kwa mguu, cheche zinaruka, "usijiunguze, nani atanikorogea," anasema, na anamimina kidogo kile kinywaji kikali cha plamu kwenye kifuniko cha chupa. Irén, kesho unakwenda mezani kwa Bwana. "Kesho. Leo niko uani kwako. Na Bwana mwenyewe alianza na divai, hakuanza na chai." Anakunywa, anafumba macho, anasema ah.

Alipiga mluzi. Vidole viwili mdomoni, mluzi mmoja mfupi unaopanda mwishoni, alivyokuwa akiniita tangu utotoni nikachukue mbuzi, na nikausikia vizuri kabisa kutoka upande wa mwerebi, nikasema nakuja, nikauambia ukuta, nakuja, na nilikuwa nakunja. Mungu wangu, nilikuwa nakunja! Si kutupa mashuani tu, nilikuwa nakunja mashuka pembe kwa pembe ili yakae vizuri, yasikunjamane. Mluzi wa pili. Nikaweka mito, mmoja ukadondoka majini nikauvua, nikaukamua. Mluzi wa tatu ulikuwa mrefu, haukupanda mwishoni. Kisha ikaja sauti ambayo haikuwa ya maji, ilikuwa kama mikokoteni mia inapita juu ya daraja la mbao kwa pamoja, na mashua ikanyanyuka pamoja nami na mito yangu, ikazunguka, ikapita juu ya ua wa jirani, na watu wa kilimani wakanivuta kwa fito, wakasema muujiza, mtoto ameokolewa, na mito wakaivuta pia. Mama akauliza, Ambrus yuko wapi. Nikasema, nilikwenda, sikumkuta. Maneno mawili tu. Watu wakayachukua maneno yangu mawili wakayajengea nyumba nzima, kwamba Ambrus hakushuka, kwamba alikaa juu ya tuta mpaka mwisho, shujaa, na wengine wakasema mjinga, na Irén, akiwa amejifunika blanketi la jeshi kwenye benchi la kanisa, hakusema kitu, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kwa nini hakushuka. Alidhani anajua. Na mimi niliuona uso wake. Ningeweza kusema pale pale. Ningeweza kesho yake, au walipotupeleka mjini tulale shuleni, au tuliporudi tukakuta nyumba hazipo, maana kuta zetu za udongo zilikunywa maji zikakaa chini kama wazee waliochoka, barabara nzima ilikuwa mapaa tu juu ya vilima vya tope, na mama anakwenda huku na huku pale palipokuwa na mlango wetu, anatafuta jiko. Ningeweza. Badala yake niliolewa, vuli ile ile, na kila mtu alisema angalau msichana ana vitu vyake. Nimelala juu ya mito ile miaka hamsini na tatu. Nimeifua, nimeianika, nimeitia manyoya mapya, nimezalia juu yake, na Barna amefia juu yake...

"Mluzi huo!" anasema Irén, na nami nimeusikia, umetoka mtoni, mfupi, unapanda, na mkono wangu umesimama. Ni vijana wa mitumbwi ya plastiki, wale wa mjini wanaoshuka mto kila Agosti na makoti yao ya kuelea ya rangi ya machungwa, wanaitana. "Lidi! Inashika! Koroga, mwanamke, umelala?" Nakoroga, nakwangua chini, jozi tulizozitia ili isishike zinagonga shaba ya jungu, hapana, haijashika, Mungu ametuhurumia, au ameihurumia jamu. "Hawa nao," anasema, "wanapiga kelele kama vile mto ni wa baba yao. Jana mmoja alipanda mpaka langoni akaniuliza kama kijiji hiki watu bado wanaishi. Nikamwambia hapana mwanangu, mimi ni mzuka, lakini nauza jamu." Alinunua? "Chupa mbili. Mzuka gani hauzi." Na kweli, tunaishi? Shule ilifungwa, kwenye madirisha bado kuna karatasi zenye umbo la theluji walizokata watoto wa mwisho, kinyozi amekufa, mkate unaletwa na gari linalopiga honi mara tatu kwa wiki, binti yangu yuko ng'ambo, Graz, anawaosha wazee wa watu wengine, mwanawe Irén yuko Ujerumani anapanga masanduku, na nyumba za mraba ilizotujengea serikali baada ya maji, zote sura moja, hata mlevi aliwahi kulala kwa jirani mwezi mzima asijue, sasa nusu yake zimefungwa. Lakini mimi si kijiji hiki ninachokitamani. Nakitamani kile. Vibaraza virefu, mapaa ya matete, mahindi yananing'inia, bata bukini barabarani, na mwisho wa barabara Ambrus anakuja na fito begani, anapiga mluzi, na mimi naudhika, natukana, naenda kuchukua mbuzi. Ningeenda kuchukua mbuzi hata leo. Ningekwenda kwa magoti.

Nimemwambia Mungu. Si kwamba sijaungama, nimeungama kila siku ya toba, nimefagia kanisa miaka ishirini bila kuombwa, nimetoa sadaka za mavuno, na nikaamini amenisamehe, na pengine amenisamehe, Yeye si mgumu... lakini nilikuwa nalipa deni la mtu mmoja kwenye mlango wa mwingine. Kwa sababu Irén alikuwapo hapa hapa, nyumba ya tatu. Irén alimwosha mama yangu. Miaka minne, mama alipokuwa hajui tena usiku na mchana, anakaa mlangoni anamngoja mwanawe na viatu vya matope, ni Irén aliyekuja asubuhi na jioni na beseni, akimpaka mafuta mgongoni, na mimi nilijua kwa nini anakuja, alikuwa anafidia, alikuwa anatumikia kifungo changu, na nilimwachia. Tena nilimshukuru. Nilimpa mayai! Na kuna baya zaidi, nalo nitaliambia hili jungu, kwamba nilifurahi. Nilifurahi kuwa ana hatia, maana mwenye hatia hakuachi, anakuja kila plamu zikiiva, na mimi sina mwingine. Na leo alfajiri, nilipomwona anaingia lango na ndoo zake, nilitamani augue. Homa ndogo tu, siku mbili, asiweze kusimama kesho. Hivyo ndivyo nilivyo, na watu wananiita Lidi wa kanisani.

"Gedeon amemaliza," anasema, "nilikwenda jana kuuona." Mti wa Ambrus. Sisi huku hatuweki misalaba, kila mtu wetu anasimamishiwa gogo la mwaloni lililochongwa kama mashua, pua juu, makaburi yetu yote ni mashua nyeusi zimesimama nyasini, na mama alikataa mpaka anakufa, maana mwili haukupatikana, sisimamishi mashua juu ya udongo mtupu, alisema, na Irén akangoja, kwa heshima, na sasa amemlipa Gedeon kwa plamu na kwa kuku na kesho baada ya ibada tutausimamisha. Mzuri? namuuliza. "Mzuri. Nikamwambia umeuchonga mwembamba sana, akasema si ulisema alikuwa mwembamba. Nikamwambia Gedeon, mwembamba alikuwa, lakini hakuwa kijiti." Anacheka kidogo. Plamu inapasuka kidoleni mwake, kokwa inaanguka kwenye bati, ting. Anachukua nyingine, haipasui, anaishika tu, nageuka kumtazama ingawa haifai kugeuka. "Unajua ninachoota, Lidi?" anasema, anaiangalia plamu. "Si kila mara. Plamu zikiiva. Naota anashuka kwenye tuta. Ananiona, na anashuka, na mimi namwambia njoo, njoo, sikusema kweli, na anashuka, anashuka, ila tuta haliishi. Kila mwaka anashuka. Hajafika chini hata siku moja." Anapangusa pua kwa mgongo wa mkono, unaacha alama ya zambarau. "Mjinga mimi, bibi wa miaka sabini na mbili."

Na hapo... sijui hata kama naweza kulisema vizuri, sikusoma sana, lakini ni kama mtu aliyekuwa ameshika kitu gizani akidhani ni nyoka, anaogopa kukifungulia mkono, kumbe. Miaka yote hii nimeihesabu siri yangu kuwa ni aibu yangu, yangu mimi, nikijiuliza Irén atanitazama vipi, atanitemea mate, ataacha kuja, nitakoroga peke yangu mpaka nife, yote mimi, mimi, hata toba yangu yote ilikuwa juu yangu mimi. Na wala sikuona kwamba ndani ya siri ile nimemfungia mtu. Alishuka! Alikuwa amekwisha kushuka, Irén, alishuka mchana kweupe kabla ya wanaume wengine, aliyasikia maneno yako akayacheka, akayapita kama mtu anavyopita mbwa wa nyumbani kwake, alisimama chini ya mwerebi na maji kiunoni akitaka kuishi, akitaka hiyo miaka hamsini yako ya kutawaliwa, na mimi ndiye niliyeyasikia mapenzi hayo yanapiga mluzi mara tatu, mimi peke yangu duniani, na sikuja, na halafu nikayaweka kasha moja na mashuka. Si mti wa mwaloni ninaomnyima Irén. Ninamnyima Ambrus. Nilimnyima akiwa hai na namnyima mpaka sasa, na kesho atasimama na karatasi yake ya mistari, amwombe msamaha kwa kumbakiza juu, mtu ambaye hakubaki juu.

Ataondoka. Bila shaka ataondoka, atachukua ndoo zake, na ana haki, na kesho kama kuna wa kusimama mbele ya meza ile ni mimi, na nguo nyeusi ninayo, na magoti nayo nitayapata, na mwakani sitakuwa na wa kunitukana mikono. Naogopa. Bwana, bado naogopa, sikudanganyi. Jua halijasogea hata, kivuli cha kisima kiko pale pale, vijana wamepita kona na mto umenyamaza. "Sasa unanitazamia nini?" anasema Irén. "Jamu iko huko." Najua iko huku. "Lidi? Una nini, umepauka." Irén, nasema, na mkono unaendelea wenyewe, mizunguko miwili na mmoja, Irén, weka plamu chini, usiniulize kitu mpaka nimalize, na ukitaka kuondoka nikimaliza, ondoka. "Umenitisha. Nani kafa?" Alishuka, nasema. Siku ile. Alishuka, akaja mpaka kwenye mwerebi, na alikuwa anacheka kwa ajili yako.